Lu Yu: Mtoto wa kuokotwa ziwani aliyeufunza ulimwengu kuonja chai

KATIKA kisiwa cha Takawiri, kilichoko Ziwa Victoria karibu na Mfangano na Rusinga katika Kaunti ya Homa Bay, siku haianzi kabla ya birika kutokota. Wavuvi wa omena, waliokesha wakiwinda kwa mwanga wa taa, hurejea pwani alfajiri huku baridi ya ziwa imewapenya hadi mifupani. Kinachowapokea ni kikombe cha chai.

Maji yamechotwa ziwani papo hapo. Majani yametoka kwenye pakiti ya dukani, nayo pakiti imesafiri kwa mashua kutoka Mbita. Maziwa yakipatikana hutiwa, yakikosekana hunywewa kavu. Sukari ndiyo haikosi. Ni nadra mtu kuuliza majani hayo yalichumwa mlima upi, wala kama maji ya ghuba hii hutoa ladha tofauti na ya maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mapipa. Wahenga walishanena kwamba mchagua jembe si mkulima.

Hata hivyo, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, kandokando ya ziwa jingine la mbali, aliishi mja mmoja aliyeyauliza maswali hayo yote na kuyatafutia majibu maisha yake yote. Alikuwa mtoto wa kuokotwa, mwenye kigugumizi na sura ambayo yeye mwenyewe alikiri haikuwa ya kupendeza. Jina lake ni Lu Yu, na kila anayelinganisha leo majani ya chai ya China, awe mfanyabiashara au mpenzi wa kinywaji hicho tu, anafuata njia aliyoifyeka yeye.

Lu Yu alizaliwa mnamo 733 katika eneo la Jingling, ambalo leo ni mji wa Tianmen mkoani Hubei, katikati mwa China. Hakuna aliyewahi kuwajua wazazi wake. Masimulizi ya kale yanaeleza kwamba mtawa wa Kibudha aliyeitwa Zhiji alimkuta mtoto huyo ukingoni mwa maji, akamchukua hadi katika nyumba ya watawa na kumlea.

Kwa kuwa hakuwa na ukoo, ilibidi atafutiwe jina. Inasimuliwa kwamba lilipatikana kwa kupiga ramli katika kitabu cha kale cha Wachina, na ramli ikaangukia taswira ya bata bukini wa mwitu anayetua nchi kavu, ambaye manyoya yake hufaa kwa sherehe. Lu ni nchi kavu, Yu ni unyoya. Hivyo mtoto aliyetoka majini akapewa jina la nchi kavu.

Mtawa Zhiji alipenda chai, na ndiye aliyempa mtoto huyo mafunzo yake ya kwanza ya kuiandaa. Lakini katika suala la elimu, wawili hao waligongana vibaya. Mlezi alitaka kijana asome maandiko ya Kibudha na kuwa mtawa. Kijana alitaka kusoma mafunzo ya Konfusio, akihoji itakuwaje mtu asiye na ndugu wala mtoto, aliyenyolewa kichwa na kuitwa mtawa, aweze kutimiza wajibu wa mwana kwa wazazi.

Jibu la mlezi lilikuwa adhabu. Lu Yu alipewa kazi za kufagia, kusafisha vyoo, kukandika kuta kwa udongo na kuchunga ng'ombe. Hakuwa na karatasi. Akawa anachukua kijiti cha mwanzi na kujifunza kuandika juu ya migongo ya ng'ombe aliowachunga. Siku moja alipata nakala ya utungo maarufu wa kale. Hakuweza kuusoma, lakini alikaa malishoni ameukunjua mbele yake, akichezesha midomo kama alivyowaona wanafunzi wakifanya.

Habari zilipofika kwa watawa, alirudishwa ndani na kuwekwa chini ya msimamizi mkali. Alipozama katika mawazo na kusahau kazi, alichapwa hadi fimbo ikavunjika. Hayo yote aliyaandika mwenyewe alipokuwa mtu mzima, bila kuyapamba na bila kuomba huruma ya mtu.

Ndipo alipotoroka, akiwa kijana mdogo wa yapata miaka 12. Alijiunga na kundi la wasanii wa kutembea, wale wa vichekesho na vikaragosi. Kigugumizi kilichomfanya achekwe mtaani sasa kikawa sehemu ya sanaa yake jukwaani. Aliigiza, akatunga michezo ya kuchekesha, na jina lake likaanza kuvuma.

Baada ya dhiki faraja. Mnamo 746, afisa mmoja mkubwa, Li Qiwu, alihamishiwa Jingling. Katika sherehe moja alimwona kijana huyo akiwaongoza wasanii wenzake, akatambua kwamba nyuma ya kichekesho kile kulikuwa na akili isiyo ya kawaida. Alimpa vitabu, kisha akampeleka kwa mwalimu aliyeishi mlimani. Yule aliyeandika juu ya ng'ombe sasa alikuwa na wino na karatasi.

Mnamo 752 aliwasili afisa mwingine, Cui Guofu, ambaye pia alikuwa mshairi. Ingawa walitofautiana sana kwa umri na cheo, wawili hao walikuwa marafiki kwa miaka mitatu. Burudani yao ilikuwa kutunga mashairi, kuonja chai na kulinganisha maji kutoka sehemu mbalimbali. Hapo ndipo mapenzi ya chai yalipogeuka kuwa taaluma.

Kisha vita vikazuka. Mwaka wa 755 jemadari An Lushan aliasi dhidi ya utawala wa Tang, na China ikaingia katika mauaji na njaa vilivyodumu hadi 763. Lu Yu alikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbilia kusini na kuvuka mto Yangtze. Alikuwa mkimbizi asiye na nyumba, lakini macho yake hayakupumzika. Kila alikopita alichunguza miti ya chai, udongo ilikoota na namna wenyeji walivyoyatayarisha majani, akaweka kumbukumbu.

Mnamo 760 aliweka makazi yake Huzhou, mji ulioko kusini mwa ziwa kubwa liitwalo Tai. Mtoto wa ukingoni mwa maji alikuwa amerejea tena kando ya ziwa. Huko alipata rafiki wa kufa kuzikana, mtawa na mshairi Jiaoran, ambaye naye alikuwa mnywaji na mjuzi wa chai. Kulingana na maelezo yake mwenyewe, Lu Yu aliishi katika kibanda kando ya kijito, akivaa mavazi duni, akitembea peke yake nyikani huku akikariri mashairi, na wakati mwingine akirejea usiku huku akilia. Wenyeji walimwona kama mwendawazimu.

Mwendawazimu huyo ndiye aliyeandika kitabu cha kwanza duniani kinachohusu chai pekee. Rasimu yake ilianza katika miaka hiyo ya ukimbizi na kitabu chenyewe kilikamilika na kuenea kufikia yapata 780. Kwa Kiswahili tunaweza kukiita Msahafu wa Chai. Kina juzuu tatu na sura kumi, na si kirefu, kwani maandishi yake ni takriban herufi 7,000 za Kichina. Lakini ndani yake mna asili ya mti, zana za kuchumia, vyombo vya kupikia, namna ya kuchemsha, historia, na orodha ya maeneo yalimopandwa chai.

Orodha hiyo ndiyo inayomhusu zaidi mpenzi wa kulinganisha. Lu Yu aliyagawa maeneo ya chai katika kanda nane, kisha ndani ya kila kanda akapanga ni wilaya ipi iliyotoa chai ya daraja la juu, ipi ya kati na ipi ya chini. Pale alipokosa hakika, alikiri waziwazi kwamba hajui vya kutosha, ila sampuli chache zilizomfikia zilikuwa na ladha nzuri. Uungwana huo wa kutosema zaidi ya alichoonja ni adimu hata leo.

Aliandika kwamba chai iotayo kwenye ardhi ya mawe ndiyo bora, inayofuata ni ya changarawe, na ya mwisho ni ya udongo wa manjano. Isichumwe siku ya mvua, wala siku ya mawingu. Na katika rangi za majani machanga, aliiweka zambarau juu ya kijani.

Hoja hiyo ya mwisho itawashangaza wakulima wetu. Mnamo 2011, watafiti wa chai wa Kericho walitoa rasmi kwa wakulima aina mpya yenye majani ya zambarau, iliyopewa alama TRFK 306. Wengi waliiona kama kioja. Kumbe mja wa karne ya nane alikuwa ameshalipa jani la zambarau nafasi ya kwanza.

Ni vyema kueleza kwamba chai nyingi ya enzi za Lu Yu haikuwa majani makavu yaliyo huru kama tunayoyajua sasa. Majani yalichumwa, yakapikwa kwa mvuke, yakatwangwa, yakasukumwa ndani ya kalibu na kukaushwa yakawa mikate. Mnywaji aliubanika mkate motoni, akausaga, akauchekecha kisha akautia unga wake katika maji. Majani huru yalikuwepo, naye aliyataja, lakini hayakuwa na heshima. Yalishika usukani baada ya 1391, pale mfalme wa kwanza wa utawala wa Ming alipopiga marufuku ushuru wa mikate ya chai na kuamuru aletewe majani.

Kutokana na uamuzi huo zilistawi aina zinazojaza makabati ya waonjaji hii leo: chai ya kijani kama Longjing ya Hangzhou, ambayo hukaangwa na kubapazwa kwenye karai, oolong kama Tieguanyin ya Fujian, iliyo katikati ya kijani na nyeusi, chai nyeusi ya Qimen, na pu-erh ya Yunnan, ambayo huvundikwa na kuthaminiwa zaidi kwa uzee wake. Zote hutokana na mti mmoja. Kinachozitenganisha ni mahali, msimu na mkono wa mtengenezaji, jambo ambalo Lu Yu alilishikilia.

Kuhusu mwonjaji mwenyewe, alitoa kipimo kigumu. Aliyeusifu mkate wa chai kwa kuwa ni mweusi, laini na ulionyooka, huyo ni mjuzi wa daraja la chini. Aliyeusifu kwa kuwa ni wa manjano na wenye mikunjo, huyo ni wa daraja la kati. Mjuzi wa kweli ni yule anayeweza kueleza uzuri na pia ubaya wa kila mmoja, kwa sababu anajua umbo lile lilitokana na nini.

Kipimo hicho hakijapitwa na wakati. Kwenye mnada wa Mombasa, ulioanzishwa Nairobi mnamo 1956 na kuhamishiwa pwani mnamo 1969, waonjaji hupanga safu ndefu za vikombe vyeupe, huvuta funda kwa kijiko kwa kishindo, na kulitema. Kazi yao si kusifu. Ni kubaini kasoro pia: majani yaliyoungua, yaliyocheleweshwa kiwandani au yaliyonyonya unyevu.

Hata hivyo, Lu Yu hakuamini kwamba jani pekee linatosha. Aliyatilia maanani maji. Bora kabisa, alisema, ni ya mlimani, hasa yale yanayochuruzika polepole juu ya mawe. Ya mto yanashika nafasi ya pili, mradi yachotwe mbali na makazi ya watu. Ya kisima ni ya mwisho. Aidha, alionya kuhusu maji yaliyotuama, yanayokusanya uchafu na sumu.

Mkazi wa Takawiri hahitaji kufafanuliwa onyo hilo. Ziwa linalomlisha ndilo hilo hilo linalobeba vimelea vya kichocho, na kwa zaidi ya miongo mitatu gugumaji limekuwa likifunga ghuba zake. Maji yakichemshwa barabara kwa ajili ya chai, familia imekunywa kinywaji na pia imejikinga na maradhi.

Katika uchemshaji, Lu Yu alitumia lugha ambayo mvuvi yeyote angeielewa. Mchemko wa kwanza ni pale viputo vinapofanana na macho ya samaki na sauti ndogo kusikika. Hapo alitia chumvi kidogo. Wa pili ni viputo vinapopanda pembeni kama lulu zilizotungwa; hapo alichota kata moja ya maji na kuiweka kando, akakoroga na kumimina unga wa chai. Wa tatu ni pale maji yanapoumuka kama mawimbi. Hapo aliirudisha ile kata ili kuyatuliza. Zaidi ya hapo, maji alihesabu kuwa yamezeeka. Moto uwe wa makaa, na yasiwe makaa yaliyonyonya harufu ya nyama choma.

Wapenzi wa chai ya tangawizi wajiandae kuudhika. Desturi ya siku zile ilikuwa kuchemsha chai pamoja na vitunguu, tangawizi, tende za Kichina, maganda ya machungwa na nanaa. Lu Yu aliidharau, akaona kinachopatikana hakina tofauti na maji ya mtaroni. Tusimkasirikie. Hoja yake ilikuwa kwamba viungo vingi huficha ladha, na aliyefichwa ladha hawezi kulinganisha.

Sifa zake zilipoenea, hekaya nazo zikazaliwa. Mojawapo yasimulia kuhusu afisa Li Jiqing, aliyemtuma askari kuchota maji mashuhuri ya katikati ya Yangtze ili Lu Yu aandae chai. Lu Yu aliyachota maji kwa kata, akasema ni ya ukingoni. Kisha akamwaga hadi nusu ya chombo, akasimama, na kutamka kwamba sasa ndiyo ameyafikia ya katikati. Askari akakiri kuwa mtumbwi uliyumba, nusu ikamwagika, naye akajaziliza pwani.

Nyingine yadai kwamba mtawa Zhiji, baada ya kuondokewa na kijana wake, hakufurahia tena chai ya mtu yeyote. Mfalme alitaka kumjaribu, akamwalika ikulu na kumpa chai ya mpishi hodari. Mzee akaionja na kuiweka chini. Ndipo Lu Yu alipoletwa kisiri kuandaa bakuli jingine. Mzee akalimaliza lote na kusema hiyo ni ya mwanawe.

Lakini maandishi ya kale yametunza pia kisa kichungu. Li Jiqing huyo huyo alimwita Lu Yu aonyeshe ustadi wake. Akaja na mavazi yake ya kijijini, akapanga vyombo na kueleza. Afisa alimdharau moyoni, na shughuli ilipokwisha akamwagiza mtumishi amlipe sarafu 30, kana kwamba ni kibarua. Inasemekana Lu Yu aliumia kiasi cha kuandika makala ya kuishutumu chai yenyewe.

Jeraha hilo halikumwondoa kazini. Mnamo 773, gavana wa Huzhou, Yan Zhenqing, ambaye ni mmoja wa mabingwa wakubwa wa hati za Kichina, alimshirikisha katika kuandaa kamusi kubwa. Serikali kuu nayo ilimteua mara mbili katika nyadhifa, mojawapo ikiwa ya mwalimu wa fasihi katika nyumba ya mrithi wa kiti cha enzi. Hakwenda. Aliyekataa utawa akiwa mtoto alikataa pia ikulu akiwa mzee.

Wakati huo huo, chai aliyoisifia iligeuka kuwa mali ya dola. Katika mlima wa Guzhu, karibu na ziwa Tai, kulianzishwa mnamo 770 shughuli rasmi ya kutayarisha chai ya mfalme, na kila majira ya kuchipua wanakijiji walilazimishwa kupanda milimani kuchuma. Mnamo 782 serikali ilitoza kodi ya chai kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo penye funzo kwa mkulima wetu: ubora ukitambuliwa, si lazima faida imfikie aliyechuma.

Lu Yu aliaga dunia mnamo 804, akazikwa katika mlima wa Zhu, karibu na kaburi la rafiki yake Jiaoran. Wauza chai walitengeneza vinyago vyake vya udongo na kuviweka madukani kama mungu wa biashara. Soko lilipodorora, walivimwagia maji ya moto. Bila shaka msanii yule wa vichekesho angelicheka.

Umaarufu wa kinywaji chake haukukaa nchi kavu. Mnamo 1998, wavuvi na wapiga mbizi wa Indonesia waligundua karibu na kisiwa cha Belitung jahazi la karne ya tisa lililobeba vyombo vya udongo vya Kichina vipatavyo 60,000, na bakuli moja limeandikwa kwamba ni la chai. Mbao za jahazi hilo zilishonwa kwa kamba, kama mtepe wa pwani yetu. Na huku kwetu, katika magofu ya Manda na Shanga kwenye funguvisiwa la Lamu, wanaakiolojia wamefukua vigae vya vyombo vya Kichina vya karne ya tisa na kumi, vikiwemo vya Yue, vile vile ambavyo Lu Yu alivisifu kuwa hufaa zaidi kwa chai kwa sababu rangi yake huipendezesha.

Mti wenyewe ulichelewa. Ulifika Kenya mnamo 1903, ukapandwa Limuru kutokana na mbegu za India. Leo milima ya Kisii, Nyamira na Kericho, isiyo mbali na ziwa letu, imefunikwa nao, na sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa ng'ambo. Wanaoonja kwa makini na kutoa bei huwa ni wengine. Sisi hunywa tulichobakishiwa, tukafunika ladha kwa sukari.

Mlezi wake alipofariki, Lu Yu aliomboleza kwa shairi ambamo hakutamani dhahabu wala vyeo, bali maji ya mto yanayotiririka kuelekea mji wa Jingling, pale alipookotwa. Kesho asubuhi, msomaji, kabla ya kutia sukari, hebu vuta funda moja la chai kavu na uliache ulimini. Huenda ukatambua ni ya mlima upi, na maji yake yametoka wapi.